Kapteni wa Zohali ni Binti wa Nani

Mimi naitwa Wangui na kazi yangu ni kelele. Katika mchezo wetu wa redio, Safari ya Zohali, ukisikia chombo kikiunguruma na kupaa kutoka ufuoni mwa ziwa, ujue ni mimi nimeinamia stovu ya mafuta ya taa mbele ya maikrofoni. Ukisikia watu wanatembea juu ya mwezi, ni mimi nakanyaga chumvi ya mawe kwenye karai. Hakuna msikilizaji aliyewahi kupiga simu kuuliza stovu yangu ni ya kabila gani. Lau wangejua anayeipiga pampu ni binti wa Njenga, yule mzee Mkikuyu aliyehama Murang'a akaja kuuza vipuri Kondele, hapa Kisumu, labda wangeuliza. Nasema hivi mapema ili ujue hasira yangu inatoka wapi, maana sina nia ya kuificha.

Lakini habari hii si yangu. Ni ya Nanyama Wechuli, aliyekuwa Kapteni.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Ulianza nikiwa bado shuleni, na kisa chake kila mtu wa Kisumu anakijua: gugumaji limefunika ziwa lote, samaki wamekwisha, na watu wa ufuoni wanaunda chombo cha kuwapeleka mpaka sayari ya Zohali kutafuta maji mengine. Anayewaongoza ni mwanamke aitwaye Kapteni Nyar Nam, yaani binti wa ziwa kwa Kijaluo. Kila Jumamosi saa moja jioni chombo kinasogea kidogo. Wapo watu waliooa, wakazaa na kusomesha, chombo kikiwa bado njiani, na hakuna aliyelalamika kwamba safari ni ndefu.

Kapteni wa kwanza alikuwa mwalimu aliyesomea pwani. Alikuwa na Kiswahili kilichopigwa pasi, kila neno limekaa mahali pake, na watu walimheshimu. Kumwamini ndiko kulikowashinda. Mwanamke aliyewapakia wavuvi, wake zao na mbuzi wao kwenye chombo cha bati, akawatoa duniani, angewezaje kutoa amri kama anayesoma taarifa ya habari? Mwalimu alipostaafu, kituo kikatangaza kwamba kinatafuta Kapteni mpya, na waliokuja wote walikuja na sauti za kuazima. Kila mmoja alijaribu kuongea kama mwalimu. Nilichoka mpaka nikasinzia kwenye kiti changu.

Ndipo akaingia Nanyama na kikapu cha mapazia ya mitumba aliyokuwa akiuza Kondele. Alikiweka chini, akasoma ukurasa aliopewa jinsi alivyokuwa akizungumza na wateja wake. Kiswahili chake kilikuwa kile chetu cha hapa, kinachopanda na kushuka kwa mwendo wa Kijaluo, kilichonyooka mahali pa kugomba na kuvutwa mahali pa kubembeleza. Amri ya kuwasha injini ilitoka kama anawaambia watoto waingie ndani mvua imekuja. Mimi niliwasha stovu bila kuambiwa. Tangu siku hiyo alikuwa Kapteni, na akakaa kwenye kiti hicho miaka tisa.

Baba yake Wechuli na mama yake walitoka Kimilili, kwa Wabukusu, kutafuta kazi. Baba alipakia magunia ya sukari, mama alikaanga mgongo wazi kule Obunga, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa. Nanyama alizaliwa nyuma ya stendi ya Kondele, na kwa kuwa wazazi wote walikuwa kazini, alilelewa na jirani, Mama Rosa, Mjaluo wa Uyoma aliyekuwa akileta samaki kutoka Luanda Kotieno. Kwa Mama Rosa alikula, akachapwa, akatolewa chawa, akajifunza kuongea. Alipokwenda Kimilili kwa mazishi ya ndugu, shangazi zake walimkalisha katikati na kumwomba aseme chochote ili wavunjike mbavu. Kwao yeye alikuwa Mjaluo. Kibukusu chake kilikuwa cha kuombea maji tu.

Sasa elewa hapo. Watu baadaye walisema alikuwa anaiga. Anaiga nini? Mtu akiwa na sauti moja tu tangu atoke tumboni, unataka aiache wapi?

Kwenye redio hatukuwa tunataja majina ya waigizaji. Aliyeuanzisha mchezo alisema Kapteni ni Kapteni, na ukishamtajia msikilizaji jina la mtu anayepanda boda kwenda nyumbani, umemshusha chomboni. Basi miaka yote tisa watu wa Kisumu walimpenda Nanyama bila kumjua. Alikuwa anauza mapazia Kondele na wanunuzi wanamwambia kwamba anaongea kama Kapteni. Anacheka na kukunja pazia. Akina mama wauza nyanya walizima jiko saa moja kasoro ili wasikie vizuri. Jamaa mmoja alimpa binti yake jina la Kapteni, akatuletea na mtoto mwenyewe tumwone.

Yote yaliharibika Luanda Kotieno, kwenye sherehe ya mchezo kutimiza miaka mingi hewani. Meneja wetu, Ogola, aliona tuifanye pale feri ya Mbita inapotia nanga, kwa sababu kwenye kisa chombo kilipaa kutoka hapo. Watu walijaa mpaka kwenye mitumbwi. Palikuwa na bendi ya ohangla, ngoma za Kijaluo, na mshereheshaji mwenye kofia, na kwa mara ya kwanza Kapteni akatolewa jukwaani akaonekana kwa macho. Walimshangilia mpaka nikahisi jukwaa linatetemeka chini ya miguu yangu.

Kisha mshereheshaji akanyamazisha ngoma ili Kapteni ajisifu. Wajaluo wanaita pakruok. Muziki unasimama, mtu anasimama mbele ya wenzake na kutangaza yeye ni nani, ni wa baba gani, ametoka wapi na amefanya nini kinachomtosha kusimama pale. Kujitutumua kunaruhusiwa, na kutia chumvi kunaruhusiwa pia. Kudanganya juu ya baba yako hakuruhusiwi. Mtu aliyelelewa mbali na mila hii angejisifu kwa jina la Kapteni, watu wangepiga vigelegele na ngoma ingerudi. Nanyama hakulelewa mbali nayo. Mshereheshaji alimuuliza kwa Kijaluo, "In nyar kanye?", yaani wewe ni binti wa wapi, na yeye akajibu kama Mama Rosa alivyomfunza mtu anavyojibu swali hilo.

"Mimi ni Nanyama, nyar Wechuli, nyar Kimilili. Nilizaliwa nyuma ya stendi ya Kondele. Mimi ndio ile kapteni nimebeba nyinyi miaka tisa kwenda Zohali, na hakuna mtu nimeangusha njiani."

Wachache walipiga makofi, tena wa karibu na jukwaa. Waliobaki walitazamana. Mshereheshaji alivua kofia yake akaitazama, bendi ikaanza kupiga kabla haijaambiwa, na mimi niliyekuwa nyuma na stovu yangu nikajua tumekwisha.

Jumatatu simu zilianza. Mmoja wa Kondele alisema huyo mama amewavaa kama nguo. Mwingine alisema kumbe miaka yote tisa alikuwa anawacheka. Kuna aliyelalamika kwamba hawa wageni biashara walishachukua, sasa hata kwenda mbinguni wanataka kuwatangulia. Yule jamaa aliyempa binti yake jina la Kapteni alitaka kujua nani atamlipia kubadilisha cheti. Mimi nilikuwa napokea simu hizo kwa sababu msichana wa mapokezi alikataa, na wengine niliwajibu vibaya, wala sijutii. Mama Rosa naye alipiga. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyemlea na kumfokea huyo mtoto kwa mdomo wake, na kama sauti imeibwa basi aulizwe yeye mwenye mali. Ogola aliamuru simu yake isirushwe hewani, eti asichochee watu zaidi.

Ogola si mtu mkatili. Ningependa awe mkatili, ingekuwa rahisi. Ni mtu wa kupima upepo. Alimwita Nanyama akamwambia kwamba yeye binafsi hana shida naye, shida ni wasikilizaji, na kwamba Kapteni wa watu wa ziwa ni lazima awe mtu ambaye watu wa ziwa hawamuulizi maswali. Nanyama alimuuliza kama kuna siku aliongea vibaya. Ogola akasema hapana, hakuna hata siku moja. Akamtoa hivyo hivyo.

Aliyewekwa mahali pake alikuwa Ivy Ooko. Baba yake ni mtu wa Uyoma, jina lake limekamilika mbele na nyuma, na aliposimama kwenye redio kujitambulisha simu ziliita kwa furaha. Tatizo ni kwamba Ivy alizaliwa Nairobi na kukulia Nairobi. Kijaluo alikuwa anakisikia kwa nyanya yake wakati wa Krismasi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha jukwaani, kilichonyooka, na alipotoa amri ya kwanza kwenye mazoezi nilimkumbuka mwalimu wetu wa zamani, ila mwalimu alikuwa na uzito zaidi.

Ogola akapata wazo, na wazo lenyewe lilinifanya nitupe chini kitambaa changu cha kufutia stovu. Alimwomba Nanyama amfundishe Ivy kuongea.

Nilitegemea Nanyama angemmwagia chai. Badala yake alikubali. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi nikamuuliza kama amerogwa. Alisema Kapteni hana kosa lolote, na yeye hataki kumsikia akiongea ovyo kwa sababu ya watu. Nilimwambia mimi ningeacha Kapteni aongee kama kasuku. Akasema ndiyo maana mimi napewa stovu.

Basi wakawa wanakaa studio asubuhi wawili hao, mimi nikipanga vyombo vyangu. Ivy alikuwa mchapakazi, hilo simnyimi. Alitaka kujua lafudhi inakaa wapi, kwenye ulimi au kooni, sauti ipande kwenye neno la ngapi. Nanyama hakuwa na majibu ya maswali hayo. Alimwambia kwamba yeye hakufunzwa, alifokewa nayo, na kama Ivy anaitaka inabidi naye afokewe. Tukaenda wote watatu Kondele kwa Mama Rosa, aliyekuwa ameketi akipanga omena, dagaa wa ziwani, kwenye beseni. Nanyama akamwomba amgombeze Ivy kama alivyokuwa akimgombeza yeye zamani akichelewa na maji. Mama Rosa alimtazama Ivy, kucha zake na viatu vyake, akajaribu kukunja uso. Ikamshinda. Alimvutia kiti na kumwambia Nanyama kwamba hawezi kumfokea mgeni.

Mgeni! Ivy Ooko, mtu wa Uyoma kamili, ndiye mgeni, na binti wa Kimilili anatumwa dukani kuleta soda. Kama ningekuwa na uwezo ningekamata maneno hayo ya Mama Rosa nikayarusha hewani wiki nzima. Lakini mimi ni mtu wa kelele tu, na nilikuwa nimekaa pale nakunywa soda yangu.

Ivy akaanza kazi. Jumamosi ya kwanza watu walivumilia kwa sababu ya jina. Jumamosi zilizofuata wakaanza kucheka. Alikuwa amejitahidi kuipata ile lafudhi, na juhudi zenyewe ndizo zilizomponza, kwa maana ilitoka kama ile ya wachekeshaji wa televisheni wanaoigiza Wajaluo ili watu wa Nairobi wafurahi. Watu wa Kondele walimbatiza Kapteni wa Supamaketi. Walimwigiza sokoni, walimwigiza kwenye stendi ya boda, na mtu mmoja alipiga simu kuuliza kama chombo sasa kinapitia Westlands, kule Nairobi kwa matajiri. Walikuwa wamemtaka mtu wa kwao wakampata, na sasa walimrarua vile vile.

Tena alikuwa na hofu, na hofu haifai kwenye mchezo wetu. Sisi haturekodi. Mchezo unakwenda moja kwa moja, na sheria ya chomboni ni kwamba lililosemwa hewani limeshatokea, halifutwi. Ivy alichanganya kurasa Jumamosi moja akatangaza kwamba mhandisi wa chombo ameachwa nyuma kwenye mwezi wa barafu. Mhandisi alikuwa Bildad, ambaye alikuwa amekaa pembeni yake akisubiri zamu yake ya kuongea. Hakuna aliyeweza kumrudisha. Bildad alikwenda nyumbani siku hiyo bila kazi, na mpaka leo hanisalimii, ingawa mimi sikufanya kosa lolote zaidi ya kumpigia upepo wa barafu akiachwa.

Siku moja nilimkuta Ivy ameketi kwenye ngazi na Nanyama, macho yamemvimba. Alikuwa ameamua kurudi Nairobi.

"Jina langu linawatosha mpaka nifungue mdomo," Ivy alisema.

Nanyama alimpangusa vumbi begani. "Na mdomo wangu unawatosha mpaka nitaje jina," akamjibu.

Ivy aliondoka kesho yake, na kusema kweli baada ya hapo sikuwa na ubaya naye tena. Ubaya wangu wote niliuweka mahali pamoja, kwa Ogola na simu zake.

Mchezo ukabaki bila Kapteni. Tulirusha sauti za chombo kikielea peke yake, stovu yangu ikipumua kipindi kizima, na wasikilizaji wakaanza kusema, kwa chini chini kwanza, kwamba yule wa zamani hata kama ni nani, alikuwa anajua kuongoza. Ogola akapima upepo tena. Alimwita Nanyama ofisini wakati mimi nipo pale nabadilisha utambi wa stovu, na hakunitoa kwa sababu hakuwahi kunihesabu kuwa mtu.

Alimwambia watu wamepoa, wanamtaka. Kilichobaki ni kuwapa njia ya kurudi bila kuona aibu. Mwanamke akiolewa anakuwa wa kule alikoolewa, hilo hakuna Mjaluo atakayelibisha. Basi Jumamosi chombo kitafika Zohali, kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze. Mlinzi wa lango la Zohali atamuuliza Kapteni lile swali la Luanda Kotieno, kwamba yeye ni binti wa wapi, na Kapteni atajibu kwamba anaitwa Akinyi, jina la Kijaluo, na ameolewa Uyoma. Watu wataelewa. Watasema kumbe ni mke wetu, na mambo yataisha.

Nanyama hajawahi kuolewa, Uyoma wala kwingine. Ogola alilijua hilo vizuri.

"Ni neno moja tu, Nanyama. Nani ataenda Uyoma kuuliza?"

Nanyama alisoma ule ukurasa pole pole. Alikuwa amekaa bila mchezo kwa miezi, anauza mapazia, na nilikuwa nimemwona mwenyewe Jumamosi moja saa moja jioni akiwa amesimama kibandani kwake, midomo ikicheza, anatoa amri za Kapteni bila sauti. Alikuwa anakitaka kile kiti kuliko chakula. Alikunja karatasi akasema, "Sawa, Mzee. Nimesikia."

Nilimkamata nje nikamwambia yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia ameuza baba yake kwa kiti cha redio, kwamba mimi nilijibizana na watu wa simu kwa ajili yake mpaka nikapewa onyo, na sasa ananifanya mjinga. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia nihakikishe stovu ina mafuta, akaenda zake.

Jumamosi ilipofika kituo kilijaa. Ogola alikuwa ametangaza wiki nzima kwamba chombo kinafika na kwamba Kapteni wenu anarudi. Kondele walikuwa wametoa spika nje. Mimi nilipanga vyombo vyangu, karai la chumvi, stovu mbili kwa ajili ya pete za Zohali, na mlango wa friji kuukuu nilioununua kwa mafundi wa Obunga, mzito, una mpira pembeni, ambao ndio mlango wa chombo chetu. Sikumsalimia Nanyama. Naye hakunisalimia. Alivaa visikizio vyake, akaweka mkono mezani kama alivyozoea, na saa moja ikagonga.

Nikueleze alivyorudi. Neno la kwanza tu, la kuwaambia abiria wafunge mikanda, nilisikia kelele kutoka barabarani, ghorofa mbili chini, watu wanapiga mluzi. Hata mimi na chuki yangu nilisahau kidogo. Alipitisha chombo katikati ya mawe ya zile pete akiwagombeza marubani mmoja mmoja, akiwabembeleza wazee, akimtania mpishi. Mikono yangu ilikuwa inamfuata yenyewe. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo Ogola alikuwa anatabasamu mpaka fizi zinaonekana.

Tukafika langoni. Ogola alikuwa amejipa mwenyewe kazi ya mlinzi wa Zohali, kwa maikrofoni ya kule nyuma ya kioo. Akakaza sauti akauliza, kwa Kijaluo kisha kwa Kiswahili, Kapteni ni binti wa wapi.

Nanyama alikuwa na ukurasa mbele yake. Aliugeuza kifudifudi.

"Kama kwenu mtu anaulizwa baba yake kwanza ndio aingie," alisema, "basi hiyo maji yenu kunyweni nyinyi." Hakupandisha sauti. Aliwageukia abiria wake, yaani sisi, na Kisumu nzima. "Watu wangu, mimi nimewafikisha. Chakula iko, mafuta iko. Lango ni hiyo, ingieni, nyinyi hawatawauliza kitu, nyinyi ni wa hapa. Mimi natoka. Nikitoka mfunge mlango, msiache hewa iishe. Na huko ndani mtu asiwaambie yeye ndio Nyar Nam. Nyar Nam ametoka nje ya chombo, hana nguo ya angani, na nyinyi mmeona."

Ogola alikuwa amesimama anapunga mikono. Sam, aliyeigiza rubani, alielewa kinachoendelea akasogea kwenye maikrofoni, midomo imeshafunguka. Neno moja lake, kamba, au subiri, au tumemkamata, lingemrudisha Kapteni ndani, na wiki ijayo Ogola angetafuta mwanamke mwingine wa kumweka hapo. Nanyama alinitazama. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Nilifungua mlango wa friji, nikaipa stovu pampu yote hewa ikavuma kwenda nje, nikakanyaga chumvi hatua zake mpaka zikaisha. Kisha nikaubamiza ule mlango kwa nguvu zangu zote, na sauti ya Sam ikafia ndani yake.

Nanyama alivua visikizio, akachukua kikapu chake cha mapazia, akapita mbele ya kioo bila kugeuza shingo. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, na hakuyafuta.

Simu zote zikaanza kuwaka kwa pamoja. Ogola alitoka kule nyuma ya kioo jasho likimtiririka, akaniuliza mbele ya watu wote ni nani aliyeniruhusu kufunga ule mlango.

Nilimwambia ni amri ya Kapteni.